Dhahabu ya Anko Kamau

Hii aibu ningeenda nayo kaburini, lakini kwa vile Dundori nzima inaijua, wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaletewa ikiwa imeongezwa chumvi.

Nilikuwa na miezi mitatu kazini, kwa maabara moja hapa Nakuru yenye hadubini ya elektroni. Hiyo mashine inapiga kwa elektroni hata kitu kidogo kuliko punje ya unga, kinatoa eksrei, halafu skrini inaandika kina madini gani (na mimi na koti yangu nyeupe, wee, ungedhani nimeiunda). Sasa anko Kamau, ndugu ya mama, akilima viazi kwetu Dundori akaokota jiwe linang'aa, akaniletea limefungwa kwa leso.

"Niambie ukweli, mtoto wangu. Ikiwa ni dhahabu, nang'oa viazi zote nichimbe."

Bosi alikuwa ametoka. Ningemngoja tu, lakini mimi na subira ni wapi na wapi! Nikavunja kipande, nikakipaka vile tulifunzwa, nikaingiza, na skrini ikaandika dhahabu. Nikapiga simu hapo hapo.

"Anko, ni dhahabu! Mashine haidanganyi!"

Jumapili akatoa ushuhuda kanisani. Jumatatu pikapu ikafika imejaa watu: anko, mama, pasta na wazee wa kanisa, wamekuja kujionea, na anko tayari ameng'oa mistari miwili ya viazi changa. Nikawapanga nyuma yangu kama wageni wa harusi, nikawaonyesha skrini, mama akapiga vigelegele.

Ndio bosi, Daktari Auma, akaingia. "Hiyo sampuli ulipaka nini kabla ya kuingiza?"

Nikajibu bila kufikiria, "Dhahabu."

(Jiwe lisilopitisha umeme tunalipaka dhahabu nyembamba sana ndio picha itoke vizuri. Nilijua! Hiyo mtihani nilipita!)

Anko akakataa katakata, akasema tunataka kumwibia jiwe. Daktari akamwomba kifungo kimoja cha koti yake, cha plastiki, akakipaka, akakiingiza. Skrini ikaandika dhahabu.

"Kumbe hata koti ni mgodi," pasta akasema, na wazee wakacheka mpaka wakashikilia meza.

Anko hakucheka. Aliniangalia tu akauliza polepole, "Na viazi zangu?" Jamani, niliumia. Jumamosi nilikuwa Dundori na jembe, napanda upya mistari miwili, mgongo unaniuma na majirani wanapita wakiniita fundi wa dhahabu. Zile changa alizong'oa, mama alizichemsha.

Tangu hiyo siku sipigii mtu simu kabla sijajiuliza mikono yangu yenyewe imeweka nini. Mashine haikudanganya, ilisoma kile nilipaka; jiwe lenyewe halikuwa na dhahabu hata chembe. Na anko alishona kile kifungo kikarudi kwa koti. Kila nikiingia kanisani anakisugua na kidole, anainamia jirani yake na kumwambia, kwa sauti nisikie, "Hii ndio dhahabu yetu. Iliyobaki tulikula na chai."