Kinanda Nilichokiosha Jumamosi

Harufu ya sabuni ya unga hunitia kichefuchefu mpaka leo. Watu hudhani ni mzio, nami nawaacha wadhani hivyo. Ukweli ni kwamba ikinifikia tu puani narudi kwenye kanisa letu la Kisanga, nina miaka kumi, nimekunja sketi, miguu imelowa, najiona mtoto mwema kuliko wote wilaya nzima ya Kilosa. Mtoto mwema! Laiti mtu angenizaba kofi siku ile.

Tulikuwa tunamngoja Babu Chedego, mdogo wake bibi yangu, mpiga piano aliyesifika ng'ambo kwa miaka zaidi ya arobaini. Alijifunzia kwenye kinanda kile kile cha kanisani, piano ya nyuzi waliyoiacha wamisionari, wakati Bibi ameachishwa shule alime ili yeye asome. Bibi hakuwahi kumsikia tangu awe mtu mzima. Alikuwa na barua zake na picha zake amevaa suti nyeusi, basi. Sasa masikio yake yalikuwa yanaziba. La kulia lilishakufa. Ndiyo maana Babu alikuja: apige peke yake, Jumapili mchana, dada yake akiwa benchi la mbele. Alipofika alipiga magoti vumbini, na mvi zote zile, akasema, "Shikamoo dada." Bibi akaitikia marahaba huku analia.

Siku mbili Babu alijifungia na kinanda, akikaza nyuzi moja moja hadi zikakubaliana. Jumamosi akashuka Kilosa mjini kuwaona jamaa. Na Jumamosi kwetu ndiyo siku ya akina mama kuosha kanisa. Akija mgeni mkubwa, kila kitu huoshwa kwa maji: sakafu, mabenchi, madirisha, mpaka ngazi za nje. Mimi nikapewa kinanda. "Kisugue king'ae, ni cha babu yako," mama mmoja akaniambia. Nikafunua kifuniko, nikakuta vumbi la miaka na mavi ya panya. Nikaona aibu kwa niaba ya ukoo mzima. Nikamimina humo ndani beseni mbili za maji ya sabuni, nikasugua mpaka vitambaa vyote vya sufu vinavyofunika vinyundo vya kugonga nyuzi vikawa chepechepe, kisha nikafuta nje kwa kanga kuukuu. Kiling'aa kweli.

Jumapili Babu alianza taratibu. Vibao alivyobonyeza vilishuka, na kwa kuwa mbao zilivimba kwa maji, havikupanda tena. Akavinyanyua kwa ukucha, akaendelea, vikakwama vingine. Sauti iliyotoka ilikuwa kama ya kugonga kopo lililojaa udongo. Watu, maskini, wakadhani ndivyo muziki wa kizungu ulivyo. Wakapiga makofi na vigelegele. Bibi akaniinamia, akaniuliza kwa ile sauti ya kiziwi isiyojua kunong'ona: "Ameanza?" Kanisa zima lilisikia. Babu naye alisikia. Akafunua kifuniko, akatia kidole ndani, akakinusa. "Nani ameosha?" aliuliza, bila ukali hata kidogo. Yule mama alitazama sakafu. Nami nikatazama sakafu. Babu akafunga kifuniko, akaja kuketi karibu na dada yake, akamshika mkono. "Nitarudi, dada," akamwambia kwa nguvu sikioni. Bibi akaitikia kwa kichwa kama anayeamini.

Masika yalipoanza sikio la pili nalo likafa, na kabla ya mavuno tukamzika Bibi. Babu hakurudi hata kuzika. Alikuwa ameshaanza kuugua, na yeye hakupiga tena mbele ya watu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Mwenyeji wetu hakupona. Na kwamba maji yakimwagika hayazoleki, hilo sihitaji kufundishwa na mtu.

Siku hizi treni ya umeme inapita Kilosa kufumba na kufumbua, na wanangu wanampata Babu kwenye simu, katika rekodi zake za zamani, saa nzima anapiga, safi, hakuna kibao kinachokwama. Huniita, "Mama, njoo usikie." Nami naenda. Nasikia yote, kwa masikio mawili mazima ambayo hayakustahili. Juzi binti yangu mkubwa aliniuliza kama bibi yangu aliupenda muziki wa kaka yake mdogo. Nikamwambia aliupenda sana. Hata kwa mwanangu wa kumzaa nilishindwa kusema kwamba hakuusikia, na kwamba aliyemnyima ni mimi.