Kapu Lililofunikwa

Mimi simwamini mtu anayefunika kapu. Nasema mapema, mnijue. Na Perina alifunika lake kila Majilio, zile wiki za kuelekea Krismasi, kwaya ya wanaume ilipoimba kanisani ili wenye njaa wa hapa kisiwani wapate chakula. Tiketi hakuna. Mlangoni yupo Perina, mjane aliyekata vichwa vya dagaa kiwandani mpaka vidole vikapinda, na mapajani ana kapu la kuvunia zabibu, juu yake kitambaa cheusi. Unapitisha mkono chini ya kitambaa, unaacha ulichonacho, unaingia. Hata waimbaji hupita hapo hapo.

Sasa niambie, mkono ukishaingia gizani, nani anajua umefanya nini?

"Kuna mwizi," Dinko aliniambia mwaka jana. Huyu ndiye mwenyekiti wa baraza la parokia. "Kanisa linafurika, kapu linatoka jepesi. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Ni Perina," nikamjibu. Mdomo wangu hauna breki. "Kwani hujaona ana viatu vipya? Kwa pensheni gani?"

Siku ya tamasha Dinko akamwendea pale mlangoni, foleni ikiwa imeshapangwa. Mimi nilijisogeza karibu. Nipitwe na jambo kama lile?

"Mama Perina, leo kitambaa hakuna."

"Kimekukosea nini, mwanangu?"

"Mwenye mkono safi haogopi kuonekana."

"Kiache, Dinko. Nakuomba."

Nikamgusa Dinko ubavuni kwa kiwiko: unaona anavyotetemeka? Akakinyakua kitambaa, akakitia mfukoni. Loo, watu walivyotoa siku hiyo! Daktari wa meno aliinua noti yake juu kabisa, kila mtu aione, ndipo akaidondosha. Dinko akanikonyeza. Nikajisikia mshindi.

Kisha akafika mzee Lovre, besi wa kwaya. Mwaka ule alikuwa ameuza mashua amtibu mkewe, na mkewe hakupona. Kwa mazoea mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kapu. Ukasimama juu ya zile noti, wazi, mtupu, sote tukiutazama. Haukuwa umebeba kitu.

Akaurudisha taratibu.

"Nimesahau koti nyumbani," akasema. Na koti alikuwa amelivaa. Akageuka, akashuka ngazi, upepo wa kaskazini ukimpiga kifuani.

"Haya, mwizi wenu huyo anakwenda," Perina akasema. "Mkamateni basi."



"Mama, mimi sikujua..." Dinko akaanza.

"Kapu ni la wenye njaa, nao walichukua chini ya kitambaa hicho hicho. Mlidhani wenye njaa wanakaa wapi? Ng'ambo?" Akanigeukia mimi. "Na wewe, umbea wako umekushibisha?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Alichota noti alizoweza kushika, akamwachia Dinko kapu, akatoka mbio na vile viatu vyake.

Tamasha likaanza bila besi. Zile sauti za juu zilielea tu, hazina pa kukalia, na waimbaji waliacha nafasi ya Lovre wazi katika nusu duara yao. Wimbo wa pili ulipokuwa ukiisha, Perina akarudi, nywele zimetimka. Noti bado zilikuwa mkononi.

"Vipi?" nikamnong'oneza.

"Hafungui mlango," akasema. "Anasema ameshakula."