Binti Yangu Alivyojifunza Kunipinga

Mwaka wa 1958, nikiwa na miaka tisa, baba yangu alikufa na shule yangu ikaishia hapo. Nilichuma chai ya wenyewe mpaka nikapanda yangu. Hata hivyo, miaka ya tisini, binti yangu alipojiandaa kwa mtihani wa kuingia shule ya sheria, mwalimu wa mazoezi nilikuwa mimi.

Tukiwa shambani akanisomea swali: "Mvua ikinyesha, chai huchipuka. Chai imechipuka. Je, mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha," nikasema. "Hiyo hata ndama anajua."

Akainamia majani. Nikajua ana jibu lingine, ila kwetu msichana hampingi baba. Na mtihani wenyewe ulikuwa wa kujibu kwa mdomo, mbele ya wazee kama mimi.

"Wewe, kama unaniogopa mimi, hao utawaweza?"

"Baba, umekosea," akasema polepole. "Labda ni mbolea. Swali halikusema ni mvua peke yake."

Mama yake akaacha kuchuma, akingoja ningurume.

"Rudia," nikasema, "kwa nguvu."

Alirudia mpaka majirani wakasikia. Mtihani aliupita.

Leo nina ekari nne za chai, ng'ombe watano, nyumba ya mawe, na wakili anayeniambia nimekosea bila kuinama.