Gari Likiwa Tupu

Mpaka leo mtu akiniambia kwamba wanawake wanaogopa gari, damu hunichemka, na simjibu polepole. Mimi siogopi gari. Niliogopa gari moja, kwa muda fulani, na nilikuwa na kila haki ya kuliogopa.

Lilikuwa pikapu la dizeli, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, tulilolinunua mimi na mume wangu likiwa tayari limeona mengi. Kwetu Kibirichia, huku juu Meru, miaka hiyo mvua ikishika, viazi havikutoka shambani kwa gari dogo. Mume wangu alikuwa na kazi Isiolo na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo siku za kazi gari lilishikwa na kaka yake, shemeji yangu, akibeba viazi vyetu na vya majirani kupeleka Embu. Jumamosi lilikuwa langu. Tulikubaliana hivyo sote watatu, jikoni kwangu, wakinywa chai yangu.

Jumamosi nilizitaka kwa ajili ya mama. Mimi nimetoka chini, Mbeere, upande wa Ishiara, kwenye joto na ndengu, nikaolewa juu huku kwenye baridi. Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kidonda kilikuwa kimemtoka mguuni, na kilitakiwa kusafishwa hospitalini Embu bila kukosa. Kutoka kwake mpaka barabarani ni mwendo mrefu wa mawe na miiba, na mguu ule haukuwa wa kutembezwa. Basi niliteremka asubuhi na mapema, nikamchukua mlangoni kwake, nikampeleka, nikamrudisha, kisha nikapanda tena kwetu.

Halafu ule mtikisiko ukaanza. Mara ya kwanza nilikuwa peke yangu, nimeshapita Chuka, barabara imenyooka kidogo nami nimekanyaga mafuta. Gurudumu la mbele likagonga mahali ambapo lami ilikuwa imebonyea. Usukani ukaanza kucheza. Nilidhani utatulia, lakini ukazidi, ukapiga kushoto na kulia kwa nguvu nisiyoijua, dashibodi ikalia, kioo cha pembeni kikajikunja chenyewe, na mbele ya gari yote ikawa inapigana na barabara. Kadiri nilivyoukamata usukani ndivyo ulivyoitupa mikono yangu. Nikapunguza mwendo, nikapunguza zaidi, na nilipokaribia kusimama ndipo likaacha ghafla, likatulia kabisa. Nikashuka, nikalizunguka gari nikitazama magurudumu.

Fundi wetu alikuwa na gereji unapoingia Meru mjini. Tulikwenda na shemeji, nami nikamweleza fundi yote hayo: mwendo niliokuwa nao, ile lami iliyobonyea, jinsi lilivyoacha. Alinisikiliza akimtazama shemeji. Nasema kweli tupu, mdomo uliokuwa ukiongea ni wangu na macho yake yalikuwa kwa shemeji, na maswali yake yote aliyauliza huko. Akabadilisha shoki ya usukani. Jumamosi likatikisika. Akafanya balansi ya magurudumu. Likatikisika. Akabadilisha viungo vya ile fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele, akakaza kila nati aliyoiona, nami nikateremka nikiwa na imani, na likatikisika vilevile. Na kila alipomaliza kutengeneza, shemeji alilijaribu kwa njia yake: alilipakia magunia mpaka juu, akaenda Embu, akarudi, akasema halina neno.

"Hii gari haina shida," fundi akaniambia mwishowe, akipangusa mikono kwa kitambaa. "Shida ni mkono, madam. Wewe unaifinya usukani sana."

Shemeji akacheka. Akaongeza kwamba watu wa Mbeere wamezoea punda. Wale vijana wa gereji wakacheka pia, na mimi, kwa ujinga wa adabu niliyofundishwa, nikatabasamu. Lile tabasamu linanikera kuliko kicheko chao.

Nikaanza kujichunguza mwenyewe. Hilo ndilo nisilowasamehe. Mimi niliyeendesha miaka bila kugusa hata ukuta nikaanza kujiuliza kama vidole vyangu vina kasoro. Nikajaribu kushika usukani kwa ulegevu, nikajaribu kuongea na gari, nikajaribu kuimba. Mtikisiko haukujali wimbo.

Kisha likamtikisa mama. Tulikuwa tumekaribia Embu, amekaa kando yangu na mguu wake umefungwa vizuri, ananisimulia habari za mbuzi. Tukagonga shimo dogo tu. Mama alikamata kishikio cha mlango kwa mikono yote miwili akamwomba Mungu kwa sauti, na nilipofanikiwa kusimamisha gari alikuwa bado anaomba. Nilirudi nyumbani nikasema ukweli wa yaliyotokea, maana nilidhani sasa watanisikia. Shemeji alichukua funguo zote mbili, wangu na wa akiba, akasema hataki damu ya mtu kwenye gari la familia. La familia! Halafu, kwa wema wake mwingi, akampigia mama simu kumwonya kwamba mtoto wake hajui gari, asikubali kubebwa naye. Nilipompigia mume wangu Isiolo alisema tuwache kwanza kaka aangalie. Mume huyo nampenda, lakini siku hiyo nilimchukia, na nilimwambia hivyo kabla ya kukata simu.

Mama akawa anategemea bodaboda mpaka barabarani, halafu matatu. Siku nyingine bodaboda haikuja. Siku nyingine mvua ilikata njia. Siku nyingine aliniambia amekwenda, kumbe amekaa kwake, amefunga mguu kwa kitambaa kilekile. Kidonda hakikungoja shemeji aangalie. Kiliingia ndani, wakamlaza Embu, na wakamkata kidole cha mguu.

Niliposikia sikulia. Nilikwenda moja kwa moja kwenye stoo ya viazi, shemeji akiwa anapakia, nikapanda mbele nikafunga mlango. Alijua ninakokwenda na hakuthubutu kuniteremsha. Tukaondoka na magunia yaliyopita urefu wa kebini. Alipita Chuka kwa kasi, akagonga ile lami iliyobonyea kwa gurudumu lilelile la mbele, na gari likaruka kidogo likaendelea kunyooka. Nilimtazama mikono. Alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja, huku akitafuna miraa. Kama ni kufinya usukani au kutofinya, yule hakuwa na habari kwamba usukani upo.

Embu alikuwa akishusha kwa mteja mmoja kule mtaa wa Dallas. Nilitaka kwenda hospitali moja kwa moja, lakini shemeji akasema atanipeleka baada ya kushusha, kwa hiyo nikasimama upande wa pili wa barabara, mikono nimeikunja, nikiwa na hasira ya kutosha kulitazama gari lile bila kupepesa. Magunia yakaanza kushuka. Na kadiri yalivyoshuka, nyuma ya gari ikaanza kuinuka. Mwanzo nilidhani ni macho. Lilipobaki tupu, lilikuwa limeinua makalio na kuinamisha pua, kama mtu anayepalilia.

Nilijua kwa nini. Kabla ya msimu ule shemeji alikuwa amemwambia fundi aongeze mabamba ya chuma kwenye springi za nyuma, kwa sababu yale magunia marefu ya viazi yalikuwa yanalikalisha gari chini. Mabamba yale yalibeba mzigo vizuri. Gari likiwa limejaa lilisimama sawa. Likiwa tupu, hakukuwa na kitu cha kuyakandamiza.

Na nani alikuwa akiliendesha tupu? Shemeji hakuwahi. Mfanyabiashara wa huku harudi bila mzigo. Akishusha viazi anapakia mbolea ya kuku, maembe, ndizi, chochote, maana dizeli ya kurudi tupu inamuuma kama jino. Hata siku ile vijana wa mteja walikuwa tayari wamebeba mabegani magunia ya mbolea ya kuku. Mimi peke yangu, Jumamosi, mimi na mwanamke mmoja mgonjwa, ndio tuliokuwa tukilipanda bila mzigo. Na watu wazima wote wale, na spana zao zote, hakuna hata mmoja aliyeniuliza: likitikisika, huwa limebeba nini?

Nikavuka barabara. Nikawaambia vijana washushe mbolea.

Shemeji aliuliza nina nini. Nikamwambia aliendeshe hivihivi, tupu, kwenye barabara ya kuteremka Mwea, nami nitakaa kando yake. Akasema hawezi kuchoma mafuta kwa mchezo. Nikapanda, nikakaa, nikasema mimi sishuki, na kama anataka kupakia mbolea anipakie na mimi kama gunia. Vijana wakaanza kucheka, na safari hii hawakuwa wakinicheka mimi. Akawasha gari kwa hasira. Vizuri. Mtu mwenye hasira hukanyaga mafuta.

Tulitoka mjini, barabara ikanyooka, akaongeza mwendo, akawa anaanza kuniambia kwamba wanawake. Sentensi hiyo haikumalizika. Tuligonga kiungo cha daraja dogo, na usukani ukamtoka. Niliona ule mkono mmoja ukitafuta mwenzake. Miraa ilimwagika mapajani mwake, kioo cha pembeni kikajikunja, na shemeji yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, alimwita mama yake. Nilimwambia apunguze mwendo polepole, asikanyage breki kwa pupa. Akatii. Gari likatulia.

"Hii gari imeharibika lini?" akauliza.

Nikamwonyesha kwa kidole ageuze gari. Kama ningefungua mdomo wakati ule, ningesema maneno ambayo ukoo mzima ungeitwa kuyajadili.

Nilimwona mama hospitalini, akiwa bado amelala kwa dawa, na kesho yake tulikuwa kwa fundi. Safari hii alinitazama mimi, kwa sababu shemeji alikuwa kimya. Nilimwonyesha gari likiwa tupu, nikamwambia asimame pembeni alitazame kwa urefu. Aliguna tu, akapata ugonjwa palepale. Alinieleza kwamba magurudumu ya mbele ya gari kama lile hukaa yameegemea nyuma kidogo pale yanaposhikwa, na huo mwegemo ndio unaoyarudisha kwenye mstari yakigongwa. Nyuma ikiinuliwa, mwegemo unaisha, na magurudumu yanabaki yakipapatika kama yale madogo ya kitanda cha hospitali. Alikata kabari za chuma, akazipachika kati ya springi za mbele na ekseli, akakaza. Kazi haikufika hata jioni. Alikuwa anaijua tangu zamani! Alichokosa ni kuuliza swali moja, na swali hilo alipaswa kuniuliza mimi.

Shemeji alinirudishia ufunguo mmoja. Ule wa akiba aliendelea kuuvaa kiunoni, kwa usalama, alisema. Na pale kwenye stoo ya viazi, watu walipouliza, aliwaambia gari limefanyiwa sevisi.

Mama alipokwisha kuruhusiwa kurudi kwake, Jumamosi niliteremka kumchukua. Alipanda kwa sababu hakuwa na namna nyingine. Alikuwa na fimbo sasa, na mguu wake umefungwa bandeji nene. Gari lilikwenda limenyooka kama rula. Nilipita kwenye mashimo makusudi. Lakini mama alishika kile kishikio cha mlango kwa mikono yote miwili kutoka Ishiara mpaka Embu, vidole vimemgeuka vyeupe. Tulipofika kwenye lango la hospitali alipumua, akanigusa bega.

"Umejifunza sasa," akasema. "Hukutikisa hata kidogo."

Nilizima gari palepale langoni, mlinzi akipunga mkono nisogee. Nilimweleza mama kila kitu: mabamba, magunia, daraja, kabari. Nilimwambia sikujifunza chochote, nilikuwa najua kuendesha tangu mwanzo. Nilikuwa nikilia sasa, na ilikuwa ni hasira. Alisikiliza akiutazama mguu wake. Kisha akauliza kama shemeji yangu amewaambia watu hivyo. Nikasema hapana.

"Wakinifunga kidonda, unipeleke Kibirichia," akasema.

Nilimwambia ni mbali. Akasema anajua ni wapi; alinisindikiza nikiolewa.

Tulifika jua likiwa bado juu. Shemeji alikuwa nje ya stoo pamoja na wapakiaji, wakishona midomo ya magunia. Mama aliteremka mwenyewe, akaweka fimbo chini kwanza, halafu mguu wa bandeji, halafu mwingine. Aliongea Kimbeere, ambacho Wameru wanakisikia vizuri wakitaka.

"Uliniambia kwa simu mtoto wangu hajui gari. Leo amenitoa kwangu mpaka Embu, na Embu mpaka hapa, gari ikiwa tupu. Niambie tena."

Sindano za magunia zilisimama. Shemeji akasema, "Mama, ni gari ilikuwa imeharibika."

"Aliiharibu nani?"

Aliyatazama yale mabamba ya springi, na kila mtu pale akayatazama pamoja naye. Mama akanyoosha mkono, kiganja juu. Hakutaja ufunguo. Shemeji aliutoa kiunoni akauweka kiganjani, na mama akaufunga kwenye pindo la leso yake, mafundo mawili.

Shemeji hakusema pole, wala kwangu wala kwa kile kidole, na mpaka leo hajasema. Mama alipanda tena mbele, akafunga mlango, akaiweka mikono yake mapajani, akaniambia niendeshe.