K Si Kufa

Tarehe 2 Februari 1988, saa moja na nusu asubuhi, mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Karani alitia saini yake ya kwanza katika daftari la mahudhurio la ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo. Aliendelea kutia saini humo kwa miaka thelathini na moja, na kwa muda wote huo hakuandika kifo hata kimoja bila karatasi ya daktari. Waliokuja na machozi bila karatasi aliwapa kiti, akawaambia wasubiri.

Bustani ya mbele ya nyumba yake, hatua kumi na mbili kwa tano, aliiendesha kwa utaratibu uleule. Maua ya msimu hakuyataka. "Hayo wageni wa harusi," alisema. "Yakishakula, yanaaga." Alitaka ya kudumu, na aliyachagua kiangazi, wakati hakuna anayekwenda kutazama maua. Alipita kwenye nyua za watu akiuliza lipi lilipona mwaka jana bila kumwagiliwa. Hivyo ndivyo alivyopata dalia zake, mashina arobaini na moja, mengi mekundu ya damu ya mzee, machache meupe.

Dalia hulala. Mvua ikikata, majani hukauka, shina hubaki kijiti, na uhai wote hushuka kwenye viazi vilivyo chini ya udongo. Hapo Karani hukata shina libaki urefu wa kiganja na kuacha kumwagilia, kwa sababu maji huozesha kiazi kilicholala. Kila mwaka wa tatu hufukua na kugawa kwa kisu, kila kipande na jicho lake shingoni. Kisicho na jicho hakichipui hata ukibembeleze. Kando ya kila shina alichomeka kibao chenye tarehe mbili: P, siku lilipopandwa, K, siku lilipokatwa.

Kiangazi hiki alilazwa siku nne kwa upasuaji wa jicho. Aliporudi, jicho moja likiwa limefungwa, bustani ilikuwa zege. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, dereva aliyehamia chumba cha nyuma "kwa wiki mbili" mwaka juzi, alikuwa amejitengenezea mahali pa kuegesha gari.

"Nilitaka ukute pasafi, shemeji," alisema.

"Maua yangu yako wapi?"

"Si yalikufa? Uliandika mwenyewe. P, amepatikana. K, amekufa. Vibao vyote. Nikasema masikini, msiba mkubwa huu."

"K ni katwa."

"Kazini kwako K ilikuwa nini?"

"Kazini kwangu kulikuwa na daktari. Wewe nani alikuthibitishia? Sururu?"

"Basi yaishe. Nitakununulia ya plastiki. Yale hayafi."

Karani hakupaza sauti. Jirani aliyekuwa akianika nguo anasema angepaza ingekuwa afadhali. Aliuliza tena, neno kwa neno, kama anayemhoji shahidi: yako wapi?

Yalikuwa nyuma ya nyumba, ndani ya gunia wazi, juani kwa siku tatu. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kuanza kuchambua, akipapasa kila shingo kwa kidole gumba kwa kuwa jicho lake zima lilikuwa limechoka. Viazi vingi vilikuwa vimekatwa kati na sururu. Vingine vilikuwa vimesinyaa vikawa vyepesi kama maganda. Kila alichokitupa alikitaja rangi ya ua lake kwa sauti, maana alivijua vyote kwa umbo, na shemeji, ambaye hakuruhusiwa kuondoka, alisimama akisikiliza.

Wifi yake alipiga simu kabla hajamaliza. Habari za familia hazingoji.

"Wifi yangu, usivunje undugu kwa ajili ya viazi."

"Undugu gani huo unaochimba kwangu nikiwa kitandani hospitali?"

"Amekosea kusoma tu."

"Asiyejua kusoma huuliza. Angenipigia simu. Kuuliza si ujinga, wifi, ujinga ni sururu."

Akakata. Jumla ya viazi vyenye jicho zima: kumi na saba. Vya meupe hakuna hata kimoja.

Aliviweka ndani ya maranda makavu ya mbao, kivulini, chini ya kitanda chake. Huko vitavumilia wiki chache, si zaidi. Mvua zinatarajiwa baada ya wiki tatu, na udongo pekee wa nyumba ile uko chini ya zege. Shemeji alimwomba avipande kwenye makopo. Karani alimjibu kwamba makopo ni ya kuhifadhia unga, kisha akampa hiari mbili: nyundo au begi.

Shemeji ameazima nyundo kubwa kwa jirani. Ataanza kuvunja Jumamosi saa mbili asubuhi, na gari litalala barabarani.