Chura Mwenye Uso wa Mtakatifu Yosefu

Pennamma alilelewa ndani ya vumbi la plasta, na ungemkuna mgongo hata leo ungelikuta bado limo. Baba yake alikuwa mtengeneza sanamu za watakatifu na za pango la Krismasi, fundi pekee wa kazi hiyo katika vile vijiji vya Kuttanad ambako mashamba ya mpunga yamelala chini kuliko mito. Akiwa na miaka saba alishajua kuipaka sabuni kalibu, lile umbo tupu la kumiminia, kufunga vipande vyake kwa kamba ya makumbi, kumimina plasta na kuingoja ipate joto kama mkate. Shule aliiacha darasa la saba. Kalibu hakuiacha.

Baba akafa, sanamu za plastiki zikaja kutoka mjini kwa magunia, na banda la kazi likabaki na kalibu mia mbili na wateja sifuri. Tena banda lenyewe lilikuwa kwenye kiwanja cha mdogo wake, Kuruvila, maana ardhi walipewa wanaume na Pennamma akapewa baraka. Kila siku alivuka mfereji kwa mtumbwi kwenda kufagia humo, kama mtu anayefagia kaburi.

Halafu Kuruvila akarudi kutoka kazini nchi za Ghuba na vitu viwili: kitambi na gari. Daraja lilikuwa limekwisha kujengwa mwaka ule ule, kwa hiyo gari lilifika mpaka mlangoni. Pa kulala ndipo halikuwa napo.

"Dada, watakatifu wako wananizibia gari," alisema.

"Watakatifu walikuwa hapa gari lako likiwa bado mchanga wa chuma."

"Miaka mitatu hujauza hata punda wa pangoni. Hilo si banda tena, ni hoteli ya panya."

Pennamma akachukua ufagio, akamfagilia vumbi la plasta viatuni.

Kitu pekee kilichomuunganisha Kuruvila na shemeji yake Ittoop, mume wa Pennamma, kilikuwa varali. Huyo ni samaki mwenye kichwa kama cha nyoka, anayejificha chini ya magugu ya mashamba yaliyojaa maji, na chakula chake anachokipenda ni chura. Wanaume wazima humtegea kwa chura bandia, wakasahau kula, wakasahau kanisa. Ittoop alikuwa fundi wa mafriji. Friji la mtu lingeweza kuoza na samaki wake ndani ikiwa tu varali ameonekana. Kuruvila yeye alikuja na sanduku la vyura kutoka ng'ambo, akilifungua polepole kama padri anayefungua tabenakulo.

Jumapili moja baada ya Pasaka, walipokwisha kula muhogo na mchuzi mwekundu wa samaki, alilifungua. Pennamma akachukua chura mmoja kwa vidole vyenye mchuzi.

"Taratibu, dada! Hiyo kazi ya mashine."

Pennamma akamgeuza, akapitisha ukucha ubavuni. "Huyu katoka kwenye kalibu. Huu hapa mshono wake, vipande vilipokutania. Na aliyemtoa ni mvivu, hata kuusugua hakuusugua."

"Basi tengeneza wa kwako!" Kuruvila alicheka mpaka kitambi kikacheza. "Mvua ya kwanza ya Juni ikiingia mashambani, chura wako akipata varali mmoja, mmoja tu, mbele ya macho yangu, banda ni lako mpaka ufe. Asipopata, kesho yake naleta watu wa kubomoa."

"Kaseme hayo mbele ya baba."

Kuruvila akasimama chini ya picha ya marehemu, yenye taa yake nyekundu isiyozimwa, akayarudia neno kwa neno. Mtu anaweza kumdanganya dada yake, lakini si chini ya taa ile.

Mfano wa kwanza Pennamma aliuchonga kwa mti laini, siku mbili, akapiga nao kalibu ya kipande kimoja, wazi juu. Dawa ya povu alikuwa nayo Ittoop, ile inayojazwa ndani ya kuta za friji: maji meupe na maji ya kahawia, sawa kwa sawa.

"Ukishachanganya," Ittoop alimwambia, "una muda wa kusali Baba Yetu mpaka penye mkate. Baada ya hapo linapanda, halimngoji mtu."

Likapanda, likakauka, chura akatoka mwepesi kama ganda la yai. Pennamma akamwekea ndoano mbili mgongoni, zikitazama juu zisishike magugu, akampeleka uani kumwonyesha jirani yake Vilasini, ambaye tangu utotoni hajawahi kumwonea haya.

Vilasini alimtazama yule chura. Macho yameinamishwa, kidevu kimeinuliwa, mashavu yamejaa huruma.

"Pennamma," alisema, "huyu ni Mtakatifu Yosefu ametoka kula biriani."

"Ni chura!"

"Chura gani anaombea dunia? Varali akimwona atatubu, hatamla."

Mkono una mazoea yake. Miaka arobaini na tano mkono wa Pennamma ulikuwa umetengeneza watakatifu. Chura asingeweza kuja na uso mwingine. Lakini uso haukuwa ndio ubaya. Walipomtupa mferejini, chura alibiringika, ndoano chini, tumbo juu, akarudi na kichaka cha magugu kama mwanamke aliyetoka kukata majani ya ng'ombe.

"Anaelea vizuri," alisema Ittoop, mume mwenye akili.

"Anaelea kama maiti, Baba Lissy. Mtupe tena."

Akamtupa mara kumi. Mara ya kumi na moja Pennamma akauliza, "Varali anamwona chura akiwa wapi?"

"Chini yake."

"Na mimi nimemchongea nani? Nimemchongea padri, anayesimama mbele." Akakunja pindo la gauni lake la nyumbani, akashuka ngazi za mferejini, akabana pua. "Mvute polepole, asibiringike, juu ya kichwa changu." Akazama.

Ng'ambo, Vilasini aliyekuwa akiosha sufuria akaona kichwa kinapotea. "Jamani! Pennamma amejitupa! Amejiua kwa ajili ya banda!" Bata mia tatu waliokuwa wakichungwa kando ya tuta wakashtuka na kutawanyika, na mchungaji wao akatukana ukoo mzima.

Pennamma akaibuka na gugu kichwani. "Nyamaza wewe! Niko kazini!" Akazama tena.

Chini kule aliona kila kitu. Yale macho ya huruma hayakuonekana hata kidogo. Kilichopita juu yake kilikuwa kitu cheusi bapa, kama kifuniko cha sufuria. Sanamu nyingi za baba yake zilikuwa za kutundikwa ukutani, mbele zimekamilika mpaka kope, nyuma bapa kama chapati. Naye amemtengeneza chura wa ukutani! Wakati huo huo chura wa kweli, aliyekerwa na makelele, aliruka kutoka ukingoni akapita juu yake: tumbo mviringo kama bakuli, nyonga zimezama, miguu inaburuta nyuma.

Alitoka majini akicheka peke yake, na siku ile ile akaanza kuchonga upya, safari hii kuanzia tumboni. Chura wa mviringo anataka kalibu ya vipande viwili, na hiyo kwake ilikuwa kama kusuka nywele. Alimlaza mfano nusu kwenye udongo wa mfinyanzi, akamimina plasta juu; ilipokauka akageuza, akatoboa vishimo vya kushikana, akapaka sabuni, akamimina nusu ya pili. Akachimba njia ya kumiminia na vitundu viwili vya pumzi. Risasi ya uzito akaiweka nyuma, kwenye nyonga.

Akamimina povu, akafunga kamba, wakaanza kusali. Hawakufika hata penye utakalo lifanyike. Kalibu ikalia kwiii, kamba ikakatika, vipande vikaruka, na bonge la povu likamvaa Mtakatifu Antoni wa rafuni usoni, likakaukia hapo hapo. Mpaka leo ana pua ya tembo.

Ittoop alishika kipande cha kalibu, akakilaza shavuni. "Kibichi. Dawa hii ikinusa maji inalewa, inavimba kupita kiasi. Kama Kuruvila na tembo la mnazi."

Sasa mahali ambapo hata chumvi hailali kavu, utakausha wapi plasta? Jua la Mei lilikuwa limeshaanza kufunikwa na mawingu. Wiki mbili tu zilibaki. Pennamma alizunguka na kalibu yake kifuani kama mama wa mtoto mgonjwa, mpaka alipoinua macho jikoni kwake, kwenye kichanja cha juu ya moto, pale ambapo kila mwanamke wa Kuttanad hukaushia matunda yake machachu ya kutilia mchuzi. Akayasukuma pembeni, akailaza kalibu kati yao. Siku kumi na mbili ilikaa juu ya moto ikila moshi. Iliposhuka ilikuwa ya kahawia, nyepesi, na ukiigonga inalia kama kigae. Badala ya sabuni, yenye maji, aliyeyusha vipande vya mishumaa ya kanisani kwenye mafuta ya taa, akaisugua kwa kitambaa.

Safari hii sala ilikwisha, amina ikasemwa, na vidonge viwili vya povu vikachungulia kwenye vitundu vya pumzi kwa adabu. Chura akatoka na tumbo lake. Akampaka kijani, tumboni njano ya manjano ya jikoni, akamfungia miguu ya mpira wa baiskeli. Uso? Ule ule. Alishika msasa aukwangue, Ittoop akamzuia.

"Mwache. Siku hiyo tutahitaji wa kutuombea."

Mvua ya kwanza ikaja Jumamosi. Kufikia saa nne asubuhi wote walikuwa juu ya tuta: Kuruvila na sanduku lake, Ittoop na chura mmoja, Pennamma chini ya mwavuli, na Vilasini, ambaye hakualikwa na wala hakuhitaji. Vyura wa ng'ambo walitupwa na kurudi bure. Mmoja akabaki kwenye mizizi ya mayungiyungi. Ittoop akamtupa wake. Mara mbili maji yalifura nyuma ya chura, na mara mbili Ittoop akavuta kabla samaki hajafunga mdomo. Banda la mke lilikuwa limening'inia kwenye ule mshipi.

"Shemeji, unatetemeka kama bwana harusi!" Kuruvila akampokonya fimbo. "Leta nikuonyeshe. Tatizo ni chura. Tazama uso wake, huyu anaenda kuungamisha samaki..."

Akamtupa huku anaongea, mbali, ng'ambo ya magugu. Akamwacha atulie. Akamvuta kidogo. Chura akakaa sawasawa, nyonga chini, akaburuta miguu.

Maji yakapasuka kama mlango uliopigwa teke.

Fimbo ikapinda mpaka ikagusa maji. Kuruvila akashuka tuta bila kuvua viatu.

"Kuruvila!" Pennamma akapiga kelele, mwavuli ukiwa umeshaanguka. "Ukimtoa huyo, banda limekwenda! Nakukumbusha kama dada! Mwachie!"

"Nimwachie varali huyu? Umerogwa?" Alikuwa topeni mpaka magotini, viatu vya Ghuba vikiwa vimemezwa. "Shemeji, kushoto! Mzuie asiingie kwenye mizizi!"

"Na gari litalala wapi?" Vilasini akamwuliza.

"Lilale mtoni!"

Akamtoa. Mrefu kama mkono wake, mweusi, ana hasira. Kuruvila akapiga magoti kwenye matope ya mpunga, akacheka kama mtoto, na machozi juu. Ndipo akamtazama yule chura. Kwenye paji la uso wa Mtakatifu Yosefu palikuwa na alama nne za meno, na macho yake bado yalikuwa yameinamishwa kwa huruma. Ndipo pia akakumbuka taa nyekundu.

"Dada," alisema, "nitengenezee sita. Na uso usiubadilishe."

"Panga foleni. Shemeji yako ametangulia."

Jioni ile wakala varali, Vilasini mkia wote, na Jumatatu Pennamma akafungua madirisha ya banda ambayo hayakuwa yamefunguliwa tangu msiba wa baba. Gari likapelekwa chini ya mfenesi. Haikupita wiki fenesi moja, zito kama ndama, likaachia tawi na kutua juu ya paa lake.

Kuruvila akamwita dada yake aje aone msiba. Pennamma akalizunguka gari, akainama, akaingiza kiganja ndani ya lile bonde lililoachwa na fenesi paani, kupima kina chake.

"Hakuna mshono hata mmoja," alisema. "Kalibu safi kabisa."