Majani ya Koko na Jina la Mama Zaina

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kunyamaza. Niliamka, na kabla ya kunawa uso nikachukua kikapu kidogo, nikaenda nyuma ya mashamba ya mihogo kumchumia Koko majani machungu. Njia nzima, kwenda na kurudi, sikuruhusiwa kumjibu mtu. Koko ndiye mama wa baba yangu, na alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kijijini kwetu, upande wa Kasongo, watu walisema majani yale yanaponya sukari, lakini lazima yachumwe na msichana ambaye hajavunja ungo, naye asitoe neno mpaka ayaweke mikononi mwa mgonjwa. Akisema, majani yanageuka. Badala ya kumponya mgonjwa, yanamla.

Niliyaamini maneno hayo kama nilivyoamini kwamba moto unaunguza. Tena nilijivunia. Katika wajukuu wote, Koko alinichagua mimi.

Alikuwa pia na vidonge, alivyopewa kule santé, zahanati yetu, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nilimsindikiza mara nyingi. Muuguzi wa pale, ambaye sote tulimwita munganga, alikuwa mtu mpole. Alimpisha Koko kwenye kiti chake na yeye akasimama. Kila mara alimuuliza kama kuna dawa nyingine anayokunywa nyumbani, na kila mara Koko alijibu kwamba hakuna. Mimi nilikaa pembeni nikitazama vidole vya miguu yangu. Siku moja tukirudi nilimuuliza kwa nini anaficha. Akacheka.

"Vidonge na majani ni kama wake wenza. Ukiwakutanisha, watagombana mu tumbo."

"Na wewe na Mama Zaina? Hamugombane."

"Sisi tulichoka," akasema. "Mwanaume mwenyewe alikufa, tugombanie nini?"

Mama Zaina alikuwa mke mdogo wa marehemu babu. Baada ya babu kufa, ndugu zake walikuja kutoka Kabambare kumchukua, naye akakataa. Alisema hawezi kumwacha Koko peke yake. Nyumba zao zilitazamana, na jioni wote wawili walikula sahani moja, wakitaniana kuhusu nani alipendwa zaidi. Vidole vya Koko vilipoanza kufa ganzi, Mama Zaina ndiye aliyekuwa anamtwangia sombe, ile mboga ya majani ya mihogo. Hakuwahi kulitaja kama msaada. Alileta chungu, akakiweka chini, akaanza kusimulia mambo mengine.

Asubuhi ile ninayoisimulia nilikutana naye njiani nikirudi na majani, yeye anatoka mtoni na ndoo kichwani. Mvua ilikuwa imenyesha, nami nilikuwa nimeteleza na kuchubuka goti. Akaiteremsha ndoo, akapiga magoti, akaniosha lile goti kwa maji aliyoyabeba kutoka mbali. Akauliza, "Inakuuma, mama?" Alituita hivyo sisi wasichana, mama.

Nikajibu, "Inauma kidogo."

Maneno yalikwisha kutoka ndipo nikakumbuka kikapu. Ningeweza kumwaga majani yale na kurudi kuchuma mengine. Lakini jua lilikuwa limepanda, na niliogopa Koko angeuliza kwa nini nimechelewa. Nikampelekea yale yale.

Koko akayafikicha, akanywa kikombe kizima, akameza na vidonge vyake. Mama Zaina akaleta bugali na sombe. Koko akala matonge mawili tu, akasema uchungu wa majani umemwondolea ladha mdomoni, chakula atakimaliza baadaye. Kabla ya saa sita akaanza kutoka jasho kama mtu aliyemwagiwa maji. Mikono ikamtetemeka. Akaniita kwa jina la shangazi yangu aliyekufa, akasema maneno yasiyofuatana, halafu akaanguka pale pale kwenye mkeka.

Watu walijaa uani. Baba Mudogo Ramazani, mdogo wake baba, aliuliza mama yake amekula nini. Wote wakanitazama, maana mimi ndiye niliyekuwa naye.

"Alikula sombe ya Mama Zaina," nikasema.

Sikusema uongo. Mara nyingi nimejitetea kwa sentensi hiyo, na haijanisaidia hata siku moja.

Mtu akatamka neno sumu. Baba Mudogo akaagiza mawese ili amnyweshe mama yake atapike. Bahati nzuri munganga alifika juu ya baiskeli, akasukuma kikombe cha mawese pembeni. Alisema mtu asiyejitambua hanyweshwi kitu. Akampaka sukari ndani ya mashavu, akamtundikia maji ya sindano, akakaa chini kwenye udongo amemshika mkono. Muda si mrefu Koko akafumbua macho. Munganga akatueleza kwamba sukari mwilini ilikuwa imeteremka sana, akauliza kwa sauti, "Alikunywa nini kingine? Museme tu, sitamugombeza mutu." Hakuna aliyejibu. Baba Mudogo akanung'unika kwamba hata sumu inaweza kuteremsha sukari.

Alasiri, watu walipopungua, Koko aliniita karibu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ulisemesha mutu mu njia?"

"Hapana, Koko."

"Hata mutu mumoja?"

"Hata mumoja."

Akanitazama kwa muda mrefu. Sidhani alinishuku. Alikuwa ananipenda mno. Alikuwa anapima jambo jingine, na mimi nilikuwa nimemwondolea njia ya pekee ya kulikwepa.

"Basi haiko majani," akasema polepole. "Ni chakula."

Akageukia ukutani, akalia.

Kama ningesema kweli, angeniadhibu, au angenisamehe, na majani yangebeba lawama. Lakini niliona aibu kwamba yeye alinichagua kati ya wajukuu wote nami sikuweza kunyamaza. Kwa aibu hiyo ndogo nikamtoa Mama Zaina kafara.

Hawakumpiga. Siku zile nilimshukuru Mungu kwa hilo, kana kwamba lilikuwa jambo kubwa. Waliacha tu kumjibu salamu. Alipoleta chakula, Koko alimwambia kwamba ameshiba. Siku ya tatu Mama Zaina alikuja na kijiko, akala mbele yetu sote kutoka katika chungu chake mwenyewe, polepole, kijiko baada ya kijiko. Siku ya nne ndugu zake walikuja na pikipiki. Aliponiaga alilitazama goti langu, akasema limepona vizuri.

Koko hakuyanywa tena majani. Aliishi miaka sita zaidi, akila peke yake. Mpaka mwisho hakulitaja jina la mwenzake.

Mwaka jana nilikuwa nimempeleka binti yangu kupimwa uzito. Mama mmoja kwenye foleni alimuuliza muuguzi kama mama mkwe wake anaweza kunywa majani machungu pamoja na vidonge vya sukari. Muuguzi akamwambia asimfiche kitu, amlete. Akaeleza kwamba majani yale yana nguvu yao: yanaweza kuteremsha sukari, na vidonge navyo vinaiteremsha, na mtu asipokula vizuri juu ya hayo, anaweza kuanguka kama aliyelogwa. Aliyasema kwa upole huku anamvalisha mtoto wa mtu mwingine. Mimi nikakaa kwenye benchi mpaka wote wakaondoka.

Kwa miaka yote nilikuwa nimebeba kosa la kuongea njiani. Kumbe kuongea hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kunyamaza munganga alipouliza, na kwa kunyamaza ndiko nilikosifiwa.

Nilimfunga binti yangu mgongoni, nikapanda pikipiki kwenda Kabambare. Njia ilikuwa matope, mara mbili tulishuka na kusukuma. Mama Zaina amezeeka, jicho moja halioni. Alinitambua kwa sauti. Akamchukua mtoto, akamnawisha miguu, akaniwekea maji ya kuoga kabla sijasema kilichonileta. Nikamwambia yote, kuanzia kikapu. Hakunikatiza.

Aliuliza jambo moja tu. "Alikufa na mawazo hayo?"

Nilitaka sana kumdanganya. "Ndiyo, mama. Alikufa nayo."

Mtoto alikuwa anachezea shanga za mkono wake. Nilimwomba msamaha. Akasema nilikuwa mtoto, kisha akasema tena, kana kwamba anajaribu kuliamini neno lake mwenyewe. Asubuhi aliponisindikiza barabarani, ndipo aliponiambia alichotaka.

"Mimi ninajua kama sikutia kitu. Usinieleze mimi. Rudi kwa wale wa kule, uwaeleze."

Nilirudi nikamweleza Baba Mudogo mbele ya wanawe. Alisema hayo ni mambo ya zamani, akaniuliza habari za barabara. Nikawaeleza wanawake kisimani, mmoja mmoja, na wengine waliinamisha vichwa, maana nao walikuwa pale uani siku ile. Nitaendelea kueleza. Mama Zaina hakutia kitu katika chakula. Alimpenda mwenzake, na sisi tulimfukuza kwa neno la mtoto.

Lakini mtu niliyepaswa kumwambia kwanza alikuwa amelala kwenye mkeka, mbele yangu, ananiuliza mara mbili. Huyo siwezi kumfikia tena.